Mwalimu Mwanafunzi Apewe Kifaa cha Kuvunja

UTANGULIZI

Katika kila somo la vitendo liko swali moja ambalo mwalimu hana budi kulijibu kabla hajaingia darasani: je, mwanafunzi ataruhusiwa kukosea? Katika hesabu jibu ni jepesi. Mwanafunzi akikosea hufuta na kuandika tena, na hasara yake haizidi chembe ya penseli. Katika kilimo jibu ni zito kidogo, kwani mche uliopandwa vibaya hufa, na msimu ukishapita haurudi. Katika somo la kompyuta jibu limekuwa zito kupita kiasi. Kifaa ni cha thamani, pengine ni kimoja au viwili kwa chuo kizima, na yuko mtu aliyetia saini kwamba atakitunza. Kwa hiyo si ajabu kukuta vifaa vizuri vimefungiwa kabatini, ilhali wanachuo wanajifunza habari zake kwa kuchora masanduku ubaoni na kuyaunganisha kwa mishale.

Hasara ya mtindo huo haiishii chuoni. Mwanachuo anayehitimu bila kukigusa kifaa huenda shuleni na hofu, nayo hofu huambukiza upesi kuliko maarifa. Neno la kwanza atakalowaambia watoto juu ya kompyuta ni "msiguse." Mwalimu wa shule ya msingi aweza kufundisha kwa miaka 30 na zaidi. Hesabu mwenyewe, ndugu mwanachuo, ni watoto wangapi watakaolisikia neno hilo kutoka kinywa kimoja.

Makala haya yanatetea maoni kwamba iko njia ya kumpa kila mwanachuo kifaa chake cha kuvunja na kutengeneza, bila chuo kupata hasara. Njia yenyewe ni kuendesha mfumo endeshi wa kifaa kidogo kwa kuigiza, ndani ya kontena la programu. Twasema kwamba hiyo iwe hatua ya kwanza ya mafunzo, na kifaa halisi kiwe hatua ya mwisho isiyorukwa. Kwa sasa, mahali pengi utaratibu ni kinyume chake: kifaa halisi huonyeshwa kwa mbali mwanzoni, kisha hakionekani tena.

MAANA YA MANENO

Tuanze na mfumo endeshi. Kompyuta ni mashine inayofuata amri, na mfumo endeshi ni programu kuu inayogawa kazi ndani ya mashine hiyo: ipi itumie kumbukumbu, ipi ingoje, ipi iandike katika diski. Mwalimu mkuu hafundishi kila darasa, lakini ratiba yake ikivurugika shule nzima husimama. Mfumo endeshi nao ni hivyo hivyo. Sasa, kompyuta tunazoziona mezani ni chache kuliko zile zilizofichwa ndani ya vyombo vingine: mita ya umeme, king'amuzi cha televisheni, ruta inayogawa intaneti ofisini. Mfumo unaoishi ndani ya vyombo hivyo huitwa mfumo endeshi uliopachikwa, kwa kuwa umetiwa humo kama kito katika pete.

Mfano mmoja wa mifumo hiyo unafaa sana kwa mafunzo yetu, nao ni OpenWrt. Mwezi Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iliyoitwa WRT54G. Ilibainika kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, programu ambayo leseni yake humtaka anayeisambaza atoe pia maandishi yake ya asili, ili wengine wayasome na kuyarekebisha. Maandishi hayo yalitolewa mwaka 2003, na mwezi Januari 2004 ukaanzishwa mradi wa OpenWrt. Matoleo ya kwanza ya ruta hiyo yalikuwa na hifadhi ya megabaiti 4 tu na kumbukumbu ya megabaiti 16. Hadi leo OpenWrt hutolewa bure, na hutolewa pia katika umbo linaloweza kuendeshwa bila ruta yoyote. Hapo ndipo tunapoingia katika neno la pili.

Kiigizi ni programu inayojifanya mashine nyingine. Kinachotumika zaidi kwa kazi hii ni QEMU, kilichotungwa na Mfaransa Fabrice Bellard na kutolewa mwaka 2003. Kazi yake ni ya mkalimani. Prosesa ya ruta husema lugha moja ya mashine, na prosesa ya kompyuta ya mezani aghalabu husema nyingine. QEMU huchukua fungu la amri za lugha ya kwanza, hulitafsiri katika lugha ya pili, kisha huiweka tafsiri hiyo akibani ili fungu lile lile likirudi lisitafsiriwe upya. Mbali na kutafsiri, huigiza pia vyombo vinavyoizunguka prosesa: diski, saa, na kadi ya mtandao. Mfumo ulio ndani yake hauna habari. Unaamka, unatazama huku na huku, unaona prosesa, kumbukumbu na diski, na unaanza kazi.

Kontena ni neno tunalolijua kutoka bandarini. Aliyefika Dar es Salaam au Mombasa ameyaona masanduku ya chuma yenye vipimo vilivyo sawa, ambayo winchi huyanyua bila kujali ndani mna mchele au vitambaa. Watunga programu walilichukua neno hilo kwa sababu hiyo hiyo: programu na kila inachokihitaji hufungwa pamoja, na furushi hilo likifika katika kompyuta nyingine hufanya kazi vile vile. Fikra ya kuitenga programu katika pembe yake ilikuwapo tangu toleo la 7 la Unix, mwaka 1979. Kilichoienezea ulimwenguni ni Docker, iliyoonyeshwa hadharani mwezi Machi 2013 huko California, Marekani. Na jina lenyewe kwa Kiingereza ni kuli wa bandarini.

Hata hivyo, ndani ya kompyuta, kontena hufanana zaidi na chumba katika nyumba ya kupanga. Paa ni moja, msingi ni mmoja, ua ni wa wote. Lakini kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake. Msingi huo wa pamoja ndio kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta mwenyeji. Na hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Maadam vyumba vyote hutumia msingi mmoja, kontena peke yake haliwezi kumpokea mgeni aliyekuja na msingi wake mwenyewe, tena asiyejua lugha ya nyumba. Mfumo wa ruta ni mgeni wa namna hiyo. Ndiyo maana mkalimani huwekwa ndani ya chumba kwanza, na mgeni akaja kukaa kwa mkalimani. Kompyuta ni nyumba, kontena ni chumba, kiigizi ni mkalimani, na mfumo uliopachikwa ni mgeni. Mwanachuo akiupanga mpangilio huo wa ngazi nne bila kuuchanganya, yanayobaki hayatamsumbua.

KOSA LIANDIKWE JUU YA KARATASI ANGAVU

Sababu ya kwanza ya kuipendelea njia hii ni namna inavyolipokea kosa. Kila mwalimu wa jiografia amewahi kuweka karatasi angavu juu ya ramani. Mwanafunzi huchora mito na mipaka juu ya karatasi. Akikosea, karatasi huondolewa na ramani hubaki safi. Kontena limejengwa kwa mtindo huo. Chini kuna nakala ya asili isiyoandikwa, ambayo twaweza kuiita kalibu, kama ile ya kufyatulia matofali. Juu yake hutandazwa tabaka jembamba, na kila badiliko analolifanya mtumiaji huandikwa huko. Kontena likiharibika hutupwa pamoja na tabaka lake, na jingine hufyatuliwa katika kalibu ile ile kwa muda wa sekunde chache.

La kufurahisha kwa mwalimu ni kwamba OpenWrt yenyewe, katika umbo lake la kawaida la kwenye ruta, hutumia kanuni hiyo hiyo. Sehemu ya asili ya mfumo huwekwa mahali pa kusomwa tu, na mabadiliko ya mtumiaji huandikwa juu yake katika tabaka jingine. Mtumiaji akidhani amelifuta faili la asili, kwa kweli amelifunika tu. Mtu anapobonyeza kitufe kidogo cha nyuma ili ruta irudi kama ilivyotoka kiwandani, kinachofutwa ni karatasi ya juu. Hivyo mwanachuo hukutana na kanuni moja mara mbili, ndani ya ruta na ndani ya kontena lililoibeba ruta hiyo. Kanuni iliyoonekana mahali pawili hueleweka kuliko ile iliyokaririwa mara ishirini.

Sababu ya pili ni ya mgawo. Kifaa kimoja kwa wanachuo 40 maana yake ni mmoja anabonyeza na 39 wanatazama migongo. Ruta ya kuigiza yaweza kupewa kumbukumbu ya megabaiti 128 na ikatosheka. Ishirini za namna hiyo zinadai megabaiti 2,560, na kompyuta moja ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 yaweza kuzibeba, hata mkalimani akidai sehemu yake. Zikiamshwa zote kwa dakika moja kompyuta italemewa, basi ziamshwe kwa zamu. Mkufunzi huandaa kalibu mara moja tu, huihifadhi kama faili moja katika flashi, na chuo jirani kisicho na intaneti hulipokea faili hilo na kulitumia kama lilivyo. Hakuna mwanachuo atakayesema kwamba kwake somo lilikataa kwa kuwa toleo lake ni jingine.

Sababu ya tatu ni kwamba kifaa cha kuigiza husema. Ruta halisi ni sanduku lililofungwa, lenye taa tatu au nne. Ikiharibika, taa huwaka nyekundu au haiwaki, basi. Ya kuigiza huandika katika kioo cha kompyuta kila hatua ya kuamka kwake, mstari kwa mstari, tangu kiini kilipoanza hadi pale inapokuomba ubonyeze kitufe cha Enter ili uipe amri. Mwanachuo husoma mambo ambayo yangefichwa ndani ya sanduku.

PINGAMIZI TATU

Mkufunzi makini atapinga, na ana haki ya kupinga. Atasema kwanza kwamba huku ni kuwafundisha watu kuogelea mchangani. Jibu letu linatoka katika historia ya kompyuta yenyewe. Mwezi Januari 1975 gazeti la Popular Electronics la Marekani liliitangaza kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800. Bill Gates na Paul Allen waliamua kuitungia lugha ya BASIC, ingawa hawakuwa na Altair wala hawakuwahi kuigusa. Allen alitunga programu ya kuigiza prosesa yake, Intel 8080, juu ya kompyuta kubwa ya PDP-10 iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Ndani ya mashine hiyo ya kuigiza, wao wawili pamoja na Monte Davidoff waliiandika na kuijaribu BASIC yao. Kisha Allen alisafiri hadi Albuquerque, akaitia katika Altair ya kweli, nayo ikafanya kazi. Yaliyojaribiwa juu ya mfano yalikuwa kweli juu ya kitu chenyewe. Kiigizi kizuri, basi, si mchanga. Ni maji ya kina kifupi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka katika misingi ya ualimu. Tumefundishwa kwamba mtoto huongozwa kutoka katika vitu vinavyoshikika kwenda katika mawazo. Je, kuanza na ruta isiyoshikika si kuigeuza kanuni hiyo juu chini? Tungejibu ndiyo, kama tungekuwa tunazungumzia watoto wa darasa la tatu. Kwao kifaa cha kushika kitangulie daima, na hakuna haja ya kiigizi. Lakini kwa mwanachuo yafaa tuulize: ni kitu gani hasa kinachoshikika katika ruta? Mkono hushika plastiki. Mfumo endeshi ulio ndani hauna umbo, hauna uzito, wala harufu. Njia pekee ya kuushika ni kuuamrisha na kutazama unavyojibu, kuuharibu na kutazama unavyolalamika. Kwa maana hiyo ruta ya kuigiza inayojibu iko karibu na mkono wa mwanachuo kuliko ruta halisi iliyofungiwa kabatini.

Pingamizi la tatu ni la malezi. Mtu aliyezoea kuvunja bila kulipa, je, hatakuwa mzembe atakapokabidhiwa mali ya shule? Hatari hiyo ipo, na kuikataa ni kujidanganya. Dawa yake si kuondoa ruhusa ya kukosea, bali kuidai faida ya kila kosa. Kila mwanachuo awe na daftari la makosa lenye safu nne: nilifanya nini, nilitarajia nini, ilitokea nini, niliponyaje. Kontena lisitupwe kabla safu hizo hazijajazwa. Kosa lililoandikwa hugeuka zana ya kufundishia, lakini lisiloandikwa hupotea pamoja na kontena lake.

MIPAKA ISIYOFICHWA

Mwalimu anayeipenda zana yake awe wa kwanza kuwaonyesha wanafunzi mahali inapokoma. Turudi kwa Paul Allen. Akiwa angani, ndege inakaribia kutua Albuquerque, alitambua kwamba hawakuandika programu fupi ya kuisomesha Altair ule utepe wa karatasi uliobeba BASIC. Katika kiigizi haja hiyo haikuwahi kujitokeza, kwa hiyo haikukumbukwa. Aliiandika hapo hapo kabla ndege haijagusa ardhi. Kiigizi hakikumdanganya katika lile lililoigizwa. Kilinyamaza tu juu ya lile ambalo halikuigizwa, na ukimya huo ndio mwanachuo afundishwe kuusikia.

Ruta ya kuigiza tuliyoieleza ina kimya kama hicho. Haina antena, kwa hiyo haifundishi kwa nini mawimbi hufifia nyuma ya ukuta mnene. Haipati moto, haiingiwi na vumbi, haikatikiwi na umeme katikati ya kuandika. Tena haiendi kwa saa ya kweli, kwa sababu mkalimani huchukua muda wake. Kwamba muda ni jambo kubwa twaliona mwaka 1997. Chombo cha Marekani cha Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mars tarehe 4 Julai mwaka huo, na siku chache baadaye kompyuta yake, iliyotumia mfumo uliopachikwa uitwao VxWorks, ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Wahandisi walilitafuta kosa katika chombo pacha kilichokuwa kwao huko California. Waligundua kwamba kazi yenye cheo cha chini ilishikilia kitu kilichohitajiwa na kazi ya cheo cha juu, na katika mpangilio fulani wa nyakati kazi kubwa ilikwama. Walipeleka sahihisho kwa redio, na chombo kikatulia. Kosa la namna hiyo, la nyakati kupishana, laweza kabisa kujificha katika kiigizi kisichotembea kwa mwendo wa mashine halisi. Kwa ajili hiyo tunasisitiza kwamba hatua ya mwisho ni kifaa chenyewe.

Pana pia mpaka wa usalama. Chumba cha kupanga si ngome, kwani msingi ni wa pamoja. Kontena la mafunzo lisipewe haki zote juu ya kompyuta mwenyeji ati kwa sababu kufanya hivyo ni rahisi, na milango yake ya mtandao ifunguliwe kwa darasa tu. Mwanachuo anayejifunza kuvunja ruta afanye hivyo kwa ruta yake, si kwa ile inayohudumia ofisi ya bohari.

MFANO WA MAFUNZO KATIKA VIPINDI VITATU

Kipindi cha kwanza kiwe cha kuamsha na kutazama. Wanachuo, wawili wawili, waamshe ruta zao na kuandika mpangilio wa kuamka: kiini kilitangulia, kumbukumbu ikapimwa, hifadhi ikafunguliwa, huduma zikaanza. Kisha waulize mfumo maswali: una kumbukumbu kiasi gani, kazi zipi zinaendelea, hifadhi imebaki ngapi, anwani yako ya mtandao ni ipi? Katika OpenWrt anwani ya kuanzia ni 192.168.1.1, na ni vema waitafute wenyewe kabla hawajatajiwa.

Kipindi cha pili kiwe cha kuvunja. Mmoja wa kila wawili aharibu jambo moja kwa siri: alifute faili la mipangilio ya mtandao, abadili anwani, aijaze hifadhi, au asimamishe huduma moja. Mwenzake aingie na kutafuta. Asiruhusiwe kuanza upya mpaka ameeleza kwa maneno ni kitu gani kimeharibika. Akishindwa kabisa aifute karatasi ya juu kwa amri iliyomo katika mfumo. Na hiyo nayo ikishindikana, kontena litupwe na jingine lifyatuliwe. Kisha wabadilishane. Mkufunzi atembee kati ya meza na kusoma madaftari, wala asishike kibodi ya mtu.

Kipindi cha tatu kiwe cha kifaa halisi. Ruta kuukuu, iliyochomolewa umeme, ifunguliwe kwa bisibisi. Wanachuo waitafute prosesa, kumbukumbu, chipu ya hifadhi, antena na kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani, na kwa kila kimoja waseme walikionaje katika kiigizi, au kwa nini hawakukiona. Orodha ya vile ambavyo hawakuviona ndiyo matokeo muhimu ya kipindi hiki. Mwisho ruta nzima iwashwe, na kila mmoja aivunje mara moja na kuirudisha, safari hii kwa mkono wa mtu anayejua gharama.

KUTOKA CHUONI HADI DARASA LA TANO

Mwanachuo atauliza: mimi nitafundisha watoto, haya yote ya nini? Ni haki kuuliza, kwani hatuwatarajii watoto wa shule ya msingi waendeshe viigizi ndani ya makontena. Twatarajia mwalimu wao aelewe kiasi cha kuweza kurahisisha bila kupotosha. Aliyeelewa mambo haya anaweza kuyafundisha hata mahali pasipo na umeme.

Chukua darasa la tano. Mtoto mmoja awe mgeni, anayeandika amri kwa alama tu: mshale wa juu, mshale wa kulia, duara. Mwingine awe mwenyeji, anayetii maneno ya Kiswahili tu: nenda mbele, geuka kulia, simama. Wa tatu awe mkalimani, asiyeruhusiwa kutembea wala kutunga amri yake. Mgeni atoe amri sita, mkalimani atafsiri, mwenyeji atembee. Kisha mgeni azirudie amri zile zile, na mkalimani aulizwe: umelazimika kufikiri tena, au umekumbuka? Watoto watagundua wenyewe faida ya kuweka tafsiri akibani. Baada ya hapo darasa lipewe ramani ya kijiji na karatasi angavu, wachore, wakosee, waondoe karatasi, na waulizwe ramani imepata hasara gani. Siku watakapokutana na kompyuta, mawazo mawili makubwa yatakuwa yamekwisha kuwaingia kwa miguu na mikono.

Mwalimu ambaye hakuvunja kitu chuoni hawezi kuubuni mchezo kama huo, kwa kuwa hajui kiini cha jambo kiko wapi. Atanakili tafsiri ya neno kutoka kitabuni, watoto wataikariri, na mtihani ukipita itasahaulika.

HITIMISHO

Maoni yetu basi ni haya. Vyuo vilivyo na kompyuta hata moja viandae kalibu ya ruta ya kuigiza na kuigawa bure kwa vyuo vingine. Wakufunzi waache kupima wanachuo kwa kuwataka wataje sehemu za kompyuta, badala yake wawape kontena lililoharibiwa na kuwataka walitengeneze huku wakieleza wanalofanya. Alama nusu zitolewe kwa kuponya, na nusu kwa daftari la makosa. Ruta kuukuu zisitupwe, zipelekwe katika vyumba vya mafunzo ya vitendo. Na kabati la vifaa lifunguliwe katika hatua ya mwisho ya mafunzo, kwa wanachuo waliokwisha kuthibitisha kwamba wanajua kurudisha walichokivuruga.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mwanachuo ambaye bado hajawa tayari kukabidhiwa kifaa cha thamani apewe mifuo ya kuvukutia. Asiachwe nje ya kiwanda akisimuliwa habari za moto. Ndugu mwanachuo, usingoje kabati lifunguliwe. Iombe kompyuta iliyopo kwa saa moja, amsha ruta yako, livunje jambo moja, na uandike katika daftari namna ulivyolirudisha.